Nyungo za Mchele wa Harusi

Mikeka ilitandikwa ukumbini tangu asubuhi, lakini hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kuchambua mchele wa harusi. Dada yake Mwanahawa alikuwa ametoroka na mume wa mtu, na mtaa mzima uliamua kuisusia harusi ya Mwanahawa.

"Mimi nimekosa nini?" alimuuliza shangazi yake kwa hasira.

"Hujakosa, mwanangu. Lakini Mama Haidari kasema, wasipokuja majirani, mwanawe haoi."

Mara hodi ikasikika. Alikuwa Haidari, bwana harusi mwenyewe. Alivua viatu, akaketi mkekani, akavuta ungo.

"We Haidari! Mwanamume uchambue mchele? Watakucheka!"

"Si wanasema kila siku, shangazi? Leo waongeze na hili."

Dirisha la ng'ambo likafunguka, na kicheko kikapasuka. Mwanahawa akainuka, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa ili waone vizuri, kisha akaketi kando ya Haidari na ungo wake.

Kicheko kikafifia. Wakaendelea kutoa mawe kwenye mchele, mabega yakigusana, mpaka kivuli cha jirani wa kwanza kiliposimama kizingitini, ungo kwapani.