Bei ya Moyo wa Aneth

Kabla ya kukoroga uji, Nakunda huangalia kwanza bei ya moyo wa mwanawe. Kiwanda kilichotengeneza chipu iliyo moyoni mwa Aneth hakilazimiki kumwambia mzazi ni ngapi za toleo lile zilitoka mbovu. Kila toleo lina hisa zake, na sokoni zinakouzwa ndiko mtu hujua: hisa za toleo zikishuka, ogopa.

Leo hazijashuka, ila kuna watu wananunua kwa pupa haki ya kuziuza wiki ijayo kwa bei ya leo, kana kwamba wanajua zitaanguka. Nakunda akampigia kaka yake Elinami, fundi wa kiwandani.

“Kaka, ni kina nani hao wanaonunua?”

Elinami akakohoa. “Ni sisi, dada. Aneth yuko wapi?”

“Uani, anaruka kamba.”

“Mwambie aache. Umwambie taratibu, asishtuke.”