Jibu la Nyumba Yetu

Sheria inasema nyumba haiuzwi mpaka ijibu yenyewe maswali ya mkaguzi. Baba alipofunika ufa wa dari kwa rangi, mimi, mwana mtiifu niliyerudi likizo, niliifundisha nyumba yetu jibu tunalompa afande akikagua bweni letu chuoni.

“Dari yako ikoje?” mkaguzi aliuliza.

“Salama kabisa, afande!”

Mnunuzi, Bi Chausiku, akacheka, kichanga mgongoni. Mkaguzi hakucheka. Alipanda ngazi, akagonga kwa nyundo, plasta ikamwagikia viatu vya Baba.

“Mngetuzika humu, baba weee!” Bi Chausiku akaondoka.

Sasa tunaishi humo sisi. Nimejaribu mara tisa kuisahaulisha jibu lile. Dari ikilia, Baba huuliza taratibu, “Nyumba, tuko salama?”

“Salama kabisa, afande!”