Malalamiko kwenye Ukuta wa Kifaru

Jumatatu asubuhi, Kifaru alitangaza kwamba Ijumaa angebomoa ukuta wake wa udongo, ambao wanyama walikuwa wakiandika juu yake bure kwa miaka. Anayetaka kuhifadhi maandishi yake ayanakili mapema.

Nungunungu, aliyeandika hapo habari zote za marehemu mama yake, alifoka. "Ukuta huu ni wetu!"

"Ulichangia hata tope?" Kifaru aliuliza.

"Nilileta wasomaji!"

"Msomaji wako ni mimi peke yangu, dada," alisema Kanga, "na huwa naishia kwenye kichwa cha habari."

Nungunungu alichomoa mwiba, akaanza kuandika malalamiko kwenye ukuta uleule. Wanyama walijaa kumshangilia, naye akawa anaongeza aya kila siku.

Alhamisi jioni Kanga alimuuliza, "Mama umeshamnakili?"

Nungunungu alitazama ukuta, akacheka. "Mjinga mimi! Nimepaka rangi nyumba inayobomolewa. Sasa muda unatosha kunakili kitu kimoja tu, malalamiko au maandishi ya mama."

"Basi nakili ya mama."

"Ya mama hayakushangiliwa hata mara moja."

Ijumaa asubuhi ukuta ulibomolewa. Nungunungu alionekana akiondoka na malalamiko yake, ameyanakili kwenye gome la mti.