Baridi ya Kwenda Dateland

Saa moja asubuhi Verlin alikuwa amepiga magoti ndani ya gari lake, Impala ya mwaka 1964, akishindilia barafu kwenye kasha chini ya kiti cha nyuma, huku akichungulia dirisha la jikoni kama mwizi wa kuku.

Injini ya zamani aliing'oa Machi, akapachika mpya yenye nguvu maradufu. Opal, mkewe kwa miaka arobaini na moja ya ndoa, alikubali kwa sharti moja: hita ibaki na kiyoyozi kibaki. Hita haikumsumbua, mipira miwili tu ya maji ya moto. Lakini kompresa, pampu ya kiyoyozi, kwenye injini mpya ilining'inia chini upande wa kulia, ikagota kwenye chesisi, na kiyoyozi kikakosa kufanya kazi. Dawa ya haraka ilikuwa kukata chesisi, na Verlin angekubali kukatwa kidole kwanza. Breketi, chuma cha kuishikilia juu zaidi, ilikuwa njiani kutoka Ohio tangu Mei, na Opal hakuwa ameambiwa.

Sasa ilikuwa Julai, na mji wao wa Yuma ulikuwa unaungua. Opal alikuwa amechoka kungoja kiyoyozi, na mnunuzi wa gari kutoka Mesa angefika kesho.

"Tunazunguka leo, vioo juu," Opal alikuwa amesema. "Nikitoa jasho tu, mnunuzi anaondoka na gari."

Ndiyo sababu ya barafu, na feni ya mashua, na bomba lililopita chini ya zulia mpaka kwenye matundu ya dashibodi. Barafu ingedumu dakika arobaini. Verlin alishapanga: waende mpaka darajani, wageuze, yaishe.

Opal akatoka na kikapu kikubwa cha chakula, akakiweka kiti cha nyuma, akapandisha vioo vyote.

"Twende Dateland," akasema. "Nina hamu ya maziwa ya tende."

Kwenda tu ni saa nzima. Verlin akawasha gari, kisha feni.

Nje, lami ilikuwa inang'aa kwa joto. Ndani, upepo ulikuwa mtamu, Opal akajifunga mtandio shingoni. Aliyetiririka jasho ni dereva.

"Mbona umelowa hivyo, mzee?"

"Furaha, mpenzi."

"Hiyo furaha imelowesha mpaka kola."

Dakika ya thelathini na tano wakafika Wellton, kwa dada yake Opal.

"Mpelekee jemu hii," Opal akasema. "Mimi sibanduki kwenye baridi yangu. Na feni usiizime."

Shemeji alimshika kwa maneno robo saa nzima, habari za goti lake na za paka wake. Verlin alirudi akiwa ameshaliaga gari moyoni. Akafungua mlango. Baridi ikampiga usoni.

Hakuelewa, wala hakutaka kuuliza.

Walipofika Dateland, Opal akamtuma tena. "Foleni ni ndefu, naona. Usisukumane na watu, chukua muda wako."

Akarudi na glasi mbili. Vidole vya Opal vilivyopokea vilikuwa baridi kuliko maziwa yenyewe, na gari lilikuwa baridi kuliko lilivyotoka Yuma. Verlin akaanza kucheka peke yake. Akacheka mpaka akapaliwa na tende.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Nakupenda tu."

"Endesha gari."

Akaendesha. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, malori yakabaki nyuma moja baada ya jingine. Akaanza kuimba, na sauti hana, Opal naye akaitikia vibaya zaidi. Tangu waoane Verlin hakukumbuka Jumamosi tamu kama ile.

Nyumbani Opal akashuka, akabeba kikapu chake, sasa kikiwa chepesi, akainama dirishani.

"Mpigie mtu wako wa Mesa. Mwambie gari haliuzwi."

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Umefaulu. Ila hiyo breketi ikifika, uifunge siku hiyohiyo."

Akaingia ndani. Verlin alitikisa kichwa kwa raha, akarukia kiti cha nyuma kumwaga maji ya barafu kabla hayajaharibu zulia. Alikuwa ameshainua kiti alipoanza kujiuliza ni lini alimtajia mkewe habari za breketi. Akafunua kasha.

Lilikuwa limejaa pakiti za njegere kutoka kwenye friza lao, zimepangwa safu kwa safu, bado zinafuka baridi.