Swichi ya Tano

Fundi alikata uzi kwa meno. Swichi ilikuwa imekaa vizuri kwenye shati la mumewe, tumboni, karibu kabisa na kidole chake cha shahada.

"Haya, mzee wangu. Bonyeza."

Chumba cha pili, kengele aliyoifunga kwenye cherehani ilinyamaza kimya.

Hiyo ilikuwa ya tano. Kazi yenyewe si ya maajabu: vipande viwili vya kitambaa kinachopitisha umeme, katikati sponji yenye tundu. Ukibonyeza, vitambaa vinagusana tunduni na kengele inalia. Ya kwanza alitia sponji ya godoro, akasema loo, hii hata mtu mzima wa afya angetoka jasho. Ya pili sponji ya kuoshea vyombo, ya tatu kipande cha blanketi, ya nne soksi kuukuu. Sasa ametia chandarua, chepesi mno.

Tangu kiharusi kimwangushe, mume alibaki macho tu. Na muuguzi aliyekuwa akija kumkagua alishasema, tena palepale kitandani, bila kupepesa.

"Mama, wewe unashinda kwenye cherehani. Mgonjwa asiyeweza hata kuita haachwi hivi. Jumatatu gari litakuja kumchukua, akatunzwe kule kwenye nyumba ya wagonjwa."

"Na akiweza kuita?"

"Akiita hata mara moja, gari nitalirudisha mwenyewe."

Nyumba ile fundi aliijua. Aliwahi kuwashonea mashuka, na hakuona hata mmoja aliyetoka kwa miguu yake. Hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alikata, akashona, akafumua. Mara nyingine aliukuta mkono wa mgonjwa umekaa mbali na swichi, akaurudisha, akajilaumu kwa kuuweka ovyo. Kuchoka nako kubaya.

Na leo ndiyo Jumatatu.

Shemeji yake, fundi simu aliyemletea kitambaa chenyewe, alipita kukagua. Akaigusa swichi kwa ncha ya ukucha. Kengele ikapiga kelele nyumba nzima.

"Shemeji, swichi yako haina kasoro. Sikio la kufa..." Akaikatisha hapo, kwa aibu.

"Malizia tu."

"Nisamehe. Umefanya yote, shemeji. Lakini jitazame ulivyokwisha! Nguo zinakuvuka. Kaka angekuona hivi angeumia."

"Ananiona," fundi akamjibu kwa ukali. "Macho yake mazima. Kilichomshinda ni kidole."

Honi ikalia nje. Shemeji akatoka kuwapokea wenye gari. Fundi afanyeje? Akaenda chumba cha pili kufunga nguo za mgonjwa, akakumbuka kitana kimebaki kitandani, akakirudia pekupeku. Mlangoni akasimama.

Mume alikuwa anatazama dari, machozi yanamtiririkia sikioni. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka. Ukapita juu ya swichi taratibu, kama mtu anayemruka mtoto aliyelala, ukafuta machozi upande huu na upande ule, kisha ukarudi kwa njia ileile, ukajilaza kando kidogo ya swichi.