Jina Lililodaiwa

Ilikuwa mwaka 1987, wakati wa kiangazi. Bwana Machano, mkurugenzi wa kampuni ya matangazo, alimwita mfanyakazi wake Mize ofisini kwake. Kila mwezi Machano alijisifu katika jarida la watu wa matangazo kwamba maneno ya tangazo la dawa ya kikohozi, "Kijiko kimoja, mwana salama," aliyatunga yeye. Aliyeyatunga ni Mize, na kila alipoomba jina lake litajwe, aliambiwa kuwa mpishi haketi na wageni.

"Leo nakupa haki yako, mwanangu," alisema Machano kwa upole ambao Mize hakuuzoea, akamkabidhi toleo jipya la jarida lile.

Lilinuka wino. Mize alilisoma jina lake mara mbili kwa furaha.

"Ahsante, bwana. Mbona leo?"

"Watoto tisa wamelazwa kwa sababu ya dawa ile. Polisi wanamtaka aliyewahakikishia mama zao."

Akaufungua mlango. Askari wawili waliokuwa wakingoja barazani walisimama, mmoja akatoa kalamu. Machano akawatajia jina la Mize, la baba yake na la babu yake, polepole, bila kuruka hata moja.