Kamba ya Mnara Unaoimba

Chiku alimleta mumewe kwenye Mnara Unaoimba ndani ya toroli, kwa sababu miguu ya Shaibu ilikuwa imekwisha kuwa jiwe hadi magotini na punda alishindwa kumbeba. Alikuwa amefunikwa shuka, kama desturi ya mji inavyotaka.

Watu waliopanga foleni kuugusa Mnara walijisogeza kumpisha. Msimamizi wa Mnara akaja mbio.

“Mfunike vizuri, mama. Unamwaibisha mzee wako. Mnara haumli ila mwenye moyo mchafu, kila mtu analijua hilo.”

“Shaibu ameupangusa vumbi miaka tisa,” Chiku alisema. “Vidole viligeuka mwaka wa kwanza, akavificha ndani ya soksi. Alidhani ni dhambi zake, ndiyo maana akazidi kuja, Mnara umtakase. Mnatuulia waume, halafu aibu mnatuachia sisi.”

“Chiku, turudi nyumbani,” mumewe alinong’ona.

Chiku aliivuta shuka akaitupa chini. Miguu ya kijivu ikaonekana mbele ya watu wote. Kisha akaishika kamba iliyouzunguka Mnara, akaiinua juu ili mtu apite chini yake.

“Wewe moyo wako ni safi,” alimwambia msimamizi. “Ingia, usimame hapo mpaka adhuhuri.”

Msimamizi aliitazama kamba, akarudi nyuma hatua moja.

Chiku hakuishusha. Nyuma yake, kwenye foleni, bibi mmoja aliketi chini, akaanza kuvua soksi.